Pua ya Balozi

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na mchezo mmoja uliofanya watoto wa mtaa wetu wa Kigera wamfuate mpaka mlangoni kwake. Akikuta fagio limeegemezwa ukutani, anachomoa unyasi mmoja, anaulamba, anautia tundu la kulia la pua na kuutolea tundu la kushoto. Halafu anaushika ncha hii na ncha hii, anavuta huku na huku kama mtu anayepasua mbao kwa msumeno, macho kayatoa. Watoto wanaanguka chini kwa kucheka. "Babu, tena! Babu, tena!" Naye anafanya tena. Mimi fagio langu nilikuwa nalificha uvunguni.

Alizaliwa wapi na baba yake nani, hayo sitayasema. Ukoo wake upo, una watoto wanaosoma, ni watu wazuri tu, wasije wakanuniwa kwa ajili yangu. Ninayemtaka ni yule niliyemwona kwa macho yangu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, tangu bendera mpya ilipokuwa bado inang'aa mpaka miaka ile sabuni ilipopotea madukani. Wote tulimwita Balozi. Mke wake naye alimwita Balozi, na siku akimkasirikia alimwita Ndugu Balozi, basi hapo tulijua leo hapaliki.

Ungemsikia kabla ya kumwona. Ile pua ilikuwa inapiga mluzi. Akipumua polepole ulikuwa mluzi mwembamba, kama wa birika linaloanza kupata moto. Akipanda kilima kutoka kiwandani ulikuwa mkubwa, mbwa wanasimamisha masikio. Wezi wa kuku walimpenda sana balozi wa namna hiyo. Walijua yuko nyumba ya ngapi.

Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha ngozi, kule chini karibu na ziwa. Sisi watu wa Mara ni watu wa ng'ombe, na ngozi tunaijua. Mama yangu kule Butiama aliichuna, akaiwamba juani kwa vigingi, akaikwangua, akaipaka samli, akaikanyagakanyaga mpaka ikawa laini ya kubebea mtoto. Mimi nimebebwa kwenye ngozi. Kwa hiyo kiwanda kilipokuja tulifurahi kuliko wote. Tuliambiwa ngozi zetu hazitakwenda tena Ulaya mbichi na kurudi viatu. Viatu tutavitengeneza wenyewe hapahapa. Ni maneno mazuri. Hata leo sioni ubaya wake.

Ila ngozi ya kiwandani ilikuwa na mambo. Kwanza walitoa manyoya kwa chokaa. Halafu waliitia kwenye mapipa makubwa ya mbao yanayozunguka, mtu anaweza kusimama ndani, na humo wakaitia dawa. Ikitoka, imekuwa ya buluu. Ng'ombe wetu mwekundu, mwenye baka jeupe, anatoka wa buluu kama anga. Dawa yenyewe ilikuja na meli kutoka mbali, kwenye madumu ya bati yaliyoandikwa maneno ya Kizungu, na neno mojawapo wanaume walilikamata wakaligeuza: kromu. Ilikuwa chenga za rangi ya chungwa, zinazopendeza kweli, ungedhani pipi zilizopondwa. Kulikuwa na chumba cha pembeni ambamo waliichanganya na maji, na tindikali, na sukari guru. Inatoa moshi, inachemka yenyewe bila moto, inageuka kijani. Sukari ilipokosekana madukani na sisi tunakunywa chai ya chumvi, madumu ya dawa yalikuwa yanakunywa sukari. Wanawake tulisema sana juu ya hilo.

Balozi ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba cha dawa. Anakoroga kwa mti mrefu, uso juu ya mvuke, mikono mitupu. Glavu zilikuja mara moja. Wakazigawana, watoto wakatengenezea manati.

Sasa nisiseme mabaya tu. Balozi alikuwa mtu. Mwanangu Wambura aliposhikwa na surua, mvua inanyesha, baba yake yuko zamu, Balozi alimfunga mgongoni kwa khanga yangu kama mwanamke, akapanda baiskeli mpaka hospitali. Alichimba makaburi ya watu asiowajua. Mume akimpiga mke katika nyumba zake kumi, alikuwa anakwenda kuketi mlangoni kwa huyo mume asubuhi yote, hasemi kitu, anapiga mluzi tu kwa pua, mpaka mwanaume anatoka mwenyewe kuomba radhi. Shati lake lilikuwa jeupe siku zote. Hata pale ambapo sisi tulifulia majani ya mpapai, la kwake lilikuwa jeupe, sijui mke wake alifanyaje.

Na ndiye aliyenifundisha kusoma. Ndiyo, haya unayoyasoma. Serikali iliposema watu wazima wote waende kisomo, mimi nilikuwa nimeishia darasa la kwanza, nusu yake nilichunga ndama wa mwalimu. Jioni tulikusanyika kwenye banda la shule, akina mama na watoto mgongoni, na mwalimu wetu akawa Balozi. Alikuwa ananishika mkono na chaki ndani yake, ananiongoza: "Mama Wambura, hili ni tumbo la *b*, lisiangalie nyuma." Na mimi naangalia mkono wake. Ulikuwa na vidonda vya duara, vyenye kingo ngumu, shimo katikati, kama mtu aliyepigiliwa msumari wa moto ukang'olewa. Kwenye vifundo, kwenye kiganja, kando ya kucha.

"Shemeji, haviumi?"

"Haviumi hata kidogo. Bonyeza."

Nilibonyeza. Kweli hakushtuka. Hapo ndipo shida yote ilipolala. Kitu kingekuwa kinauma wanaume wangekikimbia. Hiki kilikula nyama kimyakimya kama mchwa anavyokula nguzo, na mwenye nyumba anasifia paa.

Pua nayo ilikwenda hivyohivyo. Kijana anaingia chumba cha dawa, wiki za kwanza anapiga chafya, pua inatoka maji, halafu damu, halafu gamba linajaa ndani. Analichokoa. Siku moja gamba linatoka na kile kiukuta kinachotenga tundu na tundu. Hakuna maumivu. Kuna tundu tu.

Sasa sikilizeni walivyofanya watu wetu, maana sidhani kama wengine duniani wangefanya hivi. Sisi ni watu wa alama. Wazee wetu walitoga masikio wakayavuta kwa vipande vya mti mpaka ndewe zikagusa bega. Walichanja mashavu na matumbo. Mtu asiye na alama alikuwa mtoto, hata akiwa na mvi. Basi serikali ikaja ikasema hayo ni ya kizamani, na aliyesimama kwenye mikutano ya Kigera kuyakataza, kwa sauti kubwa kuliko wote, ni Balozi. "Ndugu zangu, taifa jipya halitaki watu waliotobolewatobolewa!" Anasema hayo na pua inapiga mluzi. Nilikuwa nauma ncha ya khanga nisicheke.

Lakini kule chumba cha dawa ni yeye, mtu huyohuyo, aliyeanzisha kusema kwamba aliyepata tundu ametogwa. Amekua. Ambaye bado, ni mvulana. Hana neno mbele ya wenzake, anapelekwa kuchota maji, anaitwa "kipua kizima". Nilimsikia mwanaume wa miaka yake, ana watoto, anaambiwa pale getini na vijana, "Wewe pua nzima, nenda kanyonye kwanza," na watu wazima wanacheka, naye anainamisha kichwa. Kesho yake alikuwa anainama juu ya dumu kuliko wote. Anautafuta utu uzima.

Mume wangu, baba Wambura, alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye aibu. Aliingia kwanza kubeba ngozi mbichi kwenye ghala. Kule kulikuwa na uvundo wa kuangusha nyani, lakini ni uvundo tu, ukioga unatoka. Balozi ndiye aliyemvuta chumba cha dawa. "Mdogo wangu, mpaka lini utanuka na wavulana?" Akaenda. Alizoeana mno na Balozi, ni kama kaka yake.

Nilianza kujua nyumbani. Ugali uliungua jikoni, moshi umejaa, yeye kaketi palepale anasema na mtoto. Nikamwuliza, husikii harufu? Akaniangalia kama mwizi aliyekamatwa. Tangu siku hiyo akawa anakula chumvi na pilipili nyingi, anasema mapishi yangu yamepoa. Mapishi yangu! Na usiku kitambaa chake cha pua kilikuwa na damu.

Nilimwambia rudi ghalani. Alisema nitachekwa. Nikasema kuchekwa hakutoboi pua. Mwisho akakubali kwenda kumwuliza Balozi. Nilisimama nyuma ya ukuta wangu wa udongo, nikasikia kila neno, wala sikujificha.

"Kaka, niambie kweli. Hii pua ni dawa inaila?"

Mluzi ukaenda ukarudi.

"Inaikomaza," Balozi akasema. "Ulivyotahiriwa hukutoka damu?"

"Nilitoka."

"Ukafa?"

Baba Wambura akacheka kidogo, kwa aibu ile yake. Akarudi kulala. Asubuhi akaenda kazini.

Lile tundu lilipotimia walikuja kwangu kusherehekea. Naapa. Balozi kaleta jogoo, wenzake wameleta pombe ya mtama, wamekaa uani kwangu kama watu waliokuja kuposa. Wakamkalisha mume wangu kwenye kigoda. Balozi akaangaza huku na huku, akaliona fagio langu, siku hiyo sikuwahi kulificha. Akachomoa unyasi, akampitishia puani. Ukatokea upande wa pili na tone la damu. "Ametogwa!" Wanaume wakapiga vigelegele vya kwao, vile vya ng'ombe wanaporudishwa kutoka kwa wezi. Balozi akaniambia, "Shemeji, mbona hupigi kigelegele? Mume wako amekua."

Nikamwambia, "Alikuwa amekua tangu aliponioa. Wewe umempunguza."

Wakacheka, wakasema mama Wambura ana mdomo. Nilimpika yule jogoo. Sikumla.

Na maji nayo. Kiwanda kilikuwa na mfereji wa wazi, unashuka mpaka matete ya ziwa. Asubuhi maji ya kijani, mchana ya njano, jioni yana povu. Matete yalianza kukauka kutoka ncha, halafu yakaanguka yote, pakabaki uwanja wa tope lililopasuka. Furu walielea matumbo juu. Kunguru wakawadonoa wakawaacha, na ukiona kunguru anaacha samaki ujue. Kisima chetu kilikuwa chini ya ule mfereji. Tope lenyewe watu walilibeba kutia kwenye mchicha, wanadhani mbolea kwa sababu limetoka kwa ng'ombe. Mabaki ya ngozi ya buluu waliwashia moto. Madumu ya dawa Balozi aliyagawa kwa haki kabisa, kila nyumba dumu moja la kuwekea maji ya kunywa, na walioruka foleni aliwakemea. La kwangu nililitia mkaa. Watu wakasema naringa.

Mabinti walipoanza kutoka upele wa miguu kisimani, tulimwita Balozi mkutanoni. Alikuja na shati jeupe. Akachota kikombe mbele yetu sote, akanywa mpaka mwisho, akakipindua. "Kitu chetu wenyewe hakiwezi kutudhuru," akasema. Wanawake wengi wakatulizwa. Mimi asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikamwona mke wake anashuka njia ya Mwisenge na ndoo, kwenda kuchota mbali na mfereji, ziwa lilipo safi. Tulikutana uso kwa uso. Akasema, "Mama Wambura, sina la kusema." Nikamwambia basi nisubiri nichukue ndoo yangu.

Tangu siku hiyo tulikwenda wote. Hatukusema kitu njiani mwaka mzima, ila tulikwenda wote.

Nafika kwenye siku ya daktari.

Baba Wambura alikuwa ameanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kinamkamata kwenye mlango wa chumba cha dawa kama mkono kooni. Hapo mimi nilikuwa nimepata kibarua cha kupika uji na chai pale kiwandani, na nilikuwa nimekwenda mwenyewe kwa msimamizi, mtu wa Bunda, mwenye kusikia. Nilimwambia mume wangu anakufa kwenye kile chumba. Alinijibu vizuri. Alisema, mama, anakuja daktari Mzungu kupima wafanyakazi. Akisema hizi pua na hivi vidonda ni vya dawa, nitapata nguvu ya kuwatoa wote mle, waingie kwa zamu, na mashine ya kuvuta moshi tutaidai. Asiposema, mimi sina nguvu. Kwa hiyo nilijua. Na mume wangu alijua. Na Balozi naye alijua, maana msimamizi alimwambia mbele yangu.

Daktari alikuja, mwekundu, mpole, anatoka jasho. Wanaume wa chumba cha dawa walipangwa mstari pale kwenye banda la kulia chakula. Mimi niko kwenye sufuria langu, hatua chache tu. Pamoja naye kijana wa ofisini, suruali ya kupigwa pasi, anamtafsiria. Daktari akamulika pua ya kwanza kwa tochi. Akamulika ya pili. Akarudi ya kwanza. Akafika ya baba Wambura, akainama sana. Akasema kitu kwa Kizungu.

Kijana akasema, "Anauliza, haya matundu mliyapata wapi?"

Wote waliangalia upande mmoja, kwa Balozi. Mume wangu alikuwa amefungua mdomo, naukumbuka ule mdomo umefunguka. Balozi akatangulia hatua moja mbele, kifua nje, kama yuko kwenye jukwaa la sabasaba.

"Mwambie ni mila," akasema. "Sisi watu wa huku tunatoga. Mwonyesheni masikio."

Kulikuwa na mzee mmoja wa kufagia, masikio yake yamevutwa ya kizamani. Wakamsukuma mbele. Yule mzee, maskini, akazishika ndewe zake akazinyanyua. Daktari akaangalia masikio, akaangalia pua, akaangalia masikio tena. Uso wake ukafunguka, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo akaambiwa tua. Akatabasamu. Akatoa kamera.

Niliacha mwiko. Nikasema kwa sauti yangu yote, na sauti ninayo: "Uongo! Kwetu tunatoga masikio, pua hatutogi! Hakuna babu wa mtu hapa aliyetogwa pua! Ni kromu hiyo!"

Daktari akageuka, akamwuliza yule kijana nimesema nini. Kijana akamtazama Balozi, akanitazama mimi, akajibu kwa Kizungu. Kizungu sijui, lakini msimamizi aliniambia baadaye. Kijana alisema, "Mama anasema chai iko tayari."

Na daktari akaja kweli kunywa chai. Alinishukuru. Nikammiminia, nawaza nimmwagie ya moto, nisimmwagie. Sikummwagia. Alikuwa amedanganywa, hakuwa mwongo.

Jioni nilimngoja Balozi kwenye ukuta. Nilisikia mluzi unapanda kilima.

"Balozi, umemuuza mdogo wako."

Alisimama. Alikuwa amechoka, nililiona hilo. "Mama Wambura, ulitaka niseme nini mbele ya mgeni? Kwamba kiwanda chetu kinatoboa watu? Juzi tu wametuachia nchi. Angeandika kwao kwamba hawa hawawezi hata kupaka ngozi rangi bila kuuana. Wangefunga. Watoto wako wangekula nini?"

"Wangekula na baba yao."

"Nchi haijengwi kwa pua," akasema.

Hilo lilikuwa neno lake. Alilisema mara nyingi baadaye, hata kwenye mikutano, na watu walipiga makofi bila kujua limezaliwa wapi. Lilizaliwa kwenye ukuta wangu.

Nimefikiri sana tangu hapo. Kuna siku nasema alikuwa mwoga. Kuna siku nasema hapana, mwoga hapandi baiskeli na mtoto wa mwenzake kwenye radi. Nadhani alikuwa amejipa cheo kwa lile tundu. Angekubali ni ugonjwa, basi yeye ni mgonjwa, na wale wote aliowashangilia na jogoo, amewaua yeye. Alichagua kuwa mkubwa. Lakini nisimtafutie sababu mno. Sababu yake ilikuwa nzuri kwake na mbaya kwangu.

Baba Wambura alikaa mle mpaka hakuweza kupanda kilima. Hospitali walisema kifua, wakampa dawa za kifua, hakikusikia. Hakuna daktari aliyesema kromu. Mimi ndiye ninayesema, na nina haki, nilimuuguza mimi. Mwisho alikuwa mwepesi, mtu mrefu vile, namgeuza kwa mkono mmoja. Siku moja nilimletea mwarobaini uliochanua anuse, nimesahau kwamba hanusi tena. Akaushika puani, akavuta, akasema, "Unanukia." Alinidanganya kwa upendo. Ule uongo ndio ninaoukumbuka kwa wema, na mwingine wote nimeukataa.

Tulimzika kwao Butiama. Balozi alikuja, alichimba kaburi mwenyewe, alitoa hotuba. Alimwita shujaa wa viwanda. Alilia machozi ya kweli. Mikono iliyomchimbia ilikuwa na mashimo, udongo umejaa ndani yake. Sikumpa mkono. Watu wa ukweni walinong'ona. Waache wanong'one.

Nikahama. Nilichukua watoto nikaenda kwa kaka yangu Bunda, tukalima pamba. Habari za Kigera nilizipata kwa watu. Kiwanda kilikosa dawa, maana hakukuwa na pesa ya kigeni ya kuiagiza. Kikafanya kazi mwezi huu, kikalala mwezi ule. Mwisho kikalala moja kwa moja. Walioondoka waliondoka na pua zao zilezile zenye tundu. Wengine walikwenda Buhemba kuchimbuachimbua dhahabu. Balozi hakuwa balozi tena. Mke wake alitangulia kufa. Nilimlilia yule mwanamke, peke yangu, shambani.

Sasa ni siku ya gulio, Bunda. Niko kwenye vitunguu, nimeshika kikapu, nikasikia mluzi. Mwili wangu uliujua kabla ya kichwa. Nikageuka.

Alikuwa amesimama kwenye meza ya samaki. Shati lilikuwa lile jeupe la zamani, sasa la rangi ya chai. Ameinua sato mkubwa kwa kidole kwenye shavu, na yule muuza samaki anamsifia: "Wa leo huyu, mzee, ametoka ziwani asubuhi, bado ana usingizi." Mimi niko kwenye vitunguu na harufu ya yule samaki imenifikia. Watu wote wameinua khanga puani. Macho ya samaki yalikuwa meupe, lakini macho ya mzee nayo yalikuwa yameanza kuwa meupe. Balozi akamleta puani. Akavuta pumzi, ndefu, ya kitaalamu, mluzi ukalia, akatikisa kichwa kama anayeridhika. Vijana wa meza ya pili walikuwa wanajiziba midomo wasicheke. Ndipo nikaelewa kwamba amekuwa akifanya hivyo miaka yote. Kila chakula alichowahi kunusa nyumbani kwangu, kila "shemeji, leo umepika," alikuwa ananusa hewa.

Aliniona. Akanijua mara moja. Hakuona haya, au aliona akaimeza.

"Mama Wambura."

"Balozi."

Akanisogelea na samaki wake mkononi kama mtoto aliyetumwa. Akashusha sauti, lakini pua ile haikushusha. "Wewe pua yako nzima. Naishi peke yangu sasa, juzijuzi nilikula kitu, nimeumwa nusura nife. Ninusie. Uniambie kweli."

Watu walisogea kutusikiliza. Muuza samaki alinikonyeza, yaani, mama, usiniharibie. Nami nilikuwa na neno mkononi. Ningesema tu, mzima huyo, kale, nikaendelea na vitunguu vyangu. Asingejua. Nani angejua? Nililishika lile neno muda kidogo, nikaona lilivyo jepesi, lisivyo na uzito wowote kwa anayelisema.

"Ameoza," nikasema. "Ameoza tangu juzi. Usile."

Akamwangalia samaki. Akakirudisha kidole chake kwenye shati, akakifuta, nikaona mashimo yamekauka meupe kama makovu ya ndui. Alimlaza yule sato mezani taratibu.

"Ungesema mzima, ningemla," akasema.

"Najua. Baba Wambura naye alikuuliza hivyohivyo. Akala."

Alisimama palepale, mdomo umefumba, na pua peke yake ikawa inaenda, inarudi, inaenda, inarudi. Mimi nikalipia vitunguu vyangu. Nyuma yangu muuza samaki alimgeuza yule sato, akamlaza upande wa pili, akammwagia maji ang'ae, amngoje mwingine.